Kivuli cha Bisibisi

Luanda Kotieno,
Jumapili, 19 Januari 2025

Kwa Kaka Frankline,

Leo ni tarehe kumi na tisa Januari, na naahidi mbele ya karatasi hii kwamba nitakueleza kila kitu, bila kupunguza wala kuongeza. Mwalimu wetu wa Historia, Madam Rehma, anasema asiyeahidi hivyo kabla ya kuanza ni afadhali aandike hadithi za sungura.

Ametupa kazi ya muhula mzima. Kila msichana wa Kidato cha Tatu achague kitu kimoja kilicholitumikia taifa, kisha aandike historia ya utumishi wake mwaka kwa mwaka. Laila, anayelala kitanda cha juu yangu, amechagua feri ya Mbita kwa sababu anaiona dirishani. Mimi nimechagua ile ndege ya kivita ambayo Babu aliihudumia miaka ishirini na mitano, na ambayo sasa unaihudumia wewe. Darasa lilicheka. "Aloo, hiyo ndege imewahi kupigana na nani?" Nilijibu kwamba mlinzi mzuri ni yule ambaye hajalazimika kupigana, lakini nilijibu baada ya kengele, kwa hiyo hakuna aliyesikia.

Likizo ya Desemba nilikaa na Babu pale nyumbani Otonglo, yeye akisema, mimi nikiandika, maana macho yake hayasomi tena. Alisema ndege ilifika mwaka 1978 ikiwa vipande ndani ya makasha, na kwamba ina viti viwili, cha rubani mbele na cha mwanafunzi nyuma. Mwaka uliofuata ilitua mvua ikinyesha, ikateleza hadi kwenye nyasi, ikasimama katikati ya matope bila mkwaruzo. Ndipo Babu akaiita Nyar Kano, binti wa Kano, bonde letu la mafuriko, kwa kuwa watu wa Kano ndio pekee wanaojua kusimama kwenye matope bila kuanguka. Mama, ambaye nyumba yake ya Ahero, huko huko Kano, iliingia maji tena mwaka jana, hakucheka sana.

Kila mwaka una ukurasa wake. Babu anakumbuka hata rangi ya ndoo walizooshea magurudumu. Lakini tulipofika 1996 alisema, "Andika: ilihudumu vizuri."

Nikauliza, "Basi?"

"Basi."

Kisha akatoka kwenda kuwalisha kuku ambao Nyanya Jacinta alikuwa ametoka kuwalisha.

Tafadhali nieleze siku yako moja kazini, kuanzia asubuhi. Kumbuka barua zetu husomwa na mwalimu wa zamu, kwa hiyo usiandike tena habari za ugali wangu.

Dada yako,
Aloo

*

Kambini,
2 Februari 2025

Mwanahistoria wa Otonglo,

Ugali wako sitautaja. Mwalimu wa zamu asije akapoteza hamu ya kula.

Nambari za ndege na mahali tulipo hatuandiki, kwa hiyo kwenye historia yako tumia hilo jina alilolitoa Babu. Hata hapa tunaiita hivyo. Kuna vijana wa Garissa na Kitui wanaosema "Nyar Kano" kama wamezaliwa Ahero.

Siku yangu ni hii. Ndege ina ubao wake wa vifaa, na kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe. Tunaviita vivuli. Kuna kivuli cha spana, kivuli cha koleo, kivuli cha bisibisi. Asubuhi unachukua kifaa, jioni unakirudisha juu ya kivuli chake. Kivuli kimoja kikibaki wazi, ndege hairuki hata kama jenerali amevaa kofia na anangoja. Kifaa kilichopotea huenda kimebaki ndani ya ndege, na chuma kinachozurura humo kinaweza kubana fimbo za usukani rubani anapopinda. Angani huwezi kusimama kando ya barabara ufungue boneti.

Kila jioni Sajini Masinde anasimama mbele ya ubao kama padre na kuita, "Vivuli?" Sisi tunajibu, "Vimejaa!" Ndipo anatia sahihi.

Andika na hili, ni zuri kwa historia. Kwenye ubao wetu kuna bisibisi fupi ambayo mpini wake umezungushiwa uzi wa buluu wa nyavu, uzi ule ule wanaotumia wavuvi hapo mlipo. Hakuna anayejua ilitoka wapi. Masinde anasema aliikuta. Nikiishika nasikia harufu ya omena wa Nyanya. Ukienda nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula, msomee Babu barua hii. Atafurahi.

Sasa habari kubwa. Nyar Kano anastaafu. Jumamosi, 22 Machi, saa tano asubuhi, atapita mara ya mwisho juu ya ziwa, kisha atue Kisumu. Babu amealikwa kuketi mstari wa mbele kama fundi wake wa kwanza. Na Kapteni Hassan, rubani wetu, amesema kiti cha nyuma atapewa mmoja wetu mafundi, kwa kura. Miaka sita nawafunga wengine mikanda. Niombee.

Frankline

*

Luanda Kotieno,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kaka Frankline,

Nimerudi shuleni jana. Nilimsomea Babu barua yako kama ulivyoagiza. Alikuwa anacheka kuhusu jenerali na kofia. Nilipofika kwenye bisibisi aliinua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Uzi wa rangi gani?"

"Wa buluu, Babu."

Hakula mchana wala jioni. Nyanya alifikiri ni malaria. Kesho yake aliniita kando ya banda la kuku, akaniambia jambo, na kabla ya kuniambia aliniapisha kwa Biblia ya Nyanya kwamba sitalitoa mdomoni.

Niliahidi kukueleza kila kitu na sasa siwezi. Usifikiri ni kwa sababu ya mwalimu wa zamu. Naandika tu lile ambalo sikuapishwa: usikubali kiti cha nyuma. Kura ikikuangukia, sema unaumwa. Sema unaogopa. Wakicheka, wacheke.

Usiniulize sababu. Nimeandika barua hii mara nne.

Aloo

*

Kambini,
9 Machi 2025

Aloo,

Nimepata mimi! Masinde alitumbukiza majina kwenye kofia yake, Kapteni akachomoa moja, na jina lilikuwa langu. Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja. Koplo Odongo hajanisalimia tangu siku hiyo.

Barua yako ilifika kesho yake, na nisikufiche, iliniudhi kidogo. Najua ni nini. Nyanya ameota ndoto. Mwaka niliojiunga aliota naanguka kutoka kwenye mnazi, na mimi sijawahi kupanda mnazi, pale Otonglo hakuna hata mmoja. Babu naye ana huzuni kwa sababu ndege yake inastaafu. Mzee akihuzunika anakuwa na siri, na wewe unachukua kila kitu kwa uzito kama mtihani.

Usiogope. Wiki hii tumemkagua Nyar Kano kutoka pua hadi mkia. Kila jioni vivuli vimejaa. Nilihesabu mwenyewe, mara mbili, kwa ajili yako.

Kuanzia Jumatatu tunakabidhi simu zetu hadi siku ya safari, kwa hiyo usihangaike kupiga. Saa tano kamili tazama upande wa Asembo. Nitapunga mkono. Hutauona, lakini jua nimepunga.

Frankline

*

Luanda Kotieno,
Jumamosi, 15 Machi 2025

Kaka Frankline,

Umesema vivuli vimejaa. Ndiyo maana leo navunja kiapo nilichoapa kwa Biblia. Mungu atanihukumu mimi, si wewe. Soma hadi mwisho kabla ya kucheka.

Hivi ndivyo Babu alivyoniambia.

Mwaka 1996 walitarajia wageni kutoka nchi za nje. Asubuhi Babu alikuwa ameinama nyuma ya kiti cha nyuma cha Nyar Kano, akikaza skrubu za kifuniko kimoja. Alipomaliza alirudisha vifaa na kuona kivuli cha bisibisi fupi kiko wazi. Alitafuta saa mbili nzima. Alitafuta kwa tochi, kwa kioo, kwa vidole. Mkubwa wake akaja: "Ondiek, wageni wako njiani, ubao umejaa au haujajaa?"

Babu alikuwa na bisibisi yake mwenyewe kwenye sanduku, ya umbo lile lile. Aliwahi kuifunga uzi wa nyavu hapa hapa Luanda Kotieno, siku alipokuja kumtembelea Opondo, kaka yake Nyanya, ili isimteleze mkononi. Akaichukua na kuiweka juu ya kivuli. Akajibu, "Umejaa, bwana." Akatia sahihi.

Ndege iliruka ikarudi salama. Alitaka kusema jioni. Jioni walikuwa wanampongeza. Alitaka kusema kesho yake, lakini kesho yake iliruka tena ikarudi. Aliniambia, "Kila iliporudi salama, ulimi wangu ulikuwa mzito zaidi." Kila nafasi aliyopata aliitafuta ile bisibisi peke yake, miaka saba, hadi alipostaafu. Na unakumbuka jinsi ndege ikipita juu ya nyumba Babu huacha chakula na kutoka nje? Tulidhani anaipenda sauti. Kaka, anasikiliza kama itakatika.

Nilimwuliza kama wengine hawakuiona bisibisi hiyo baadaye. Alisema huenda waliiona, na huenda wakaitupa bila kusema, kwa kuwa hakuna kivuli kilichokuwa wazi. Alitaka sana kuamini hivyo. Lakini alisema pia kuna ufa mwembamba kando ya fimbo ya usukani, ambao haufikiwi mpaka kiti chenyewe king'olewe. Nilimwuliza, "Inaweza kuwa bado imo?" Akasema, "Chuma hakiozi, nyathina, mwanangu."

Leo asubuhi nilimpelekea Madam Rehma karatasi hizi mwenyewe, kwa kuwa ndiye wa zamu. Alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Alipiga simu yako mara tatu. Alitafuta nambari ya kambi akaipata, na aliyejibu akasema, "Madam, bisibisi ya mwaka gani? Tisini na sita? Mimi nilikuwa sijazaliwa," akacheka, akasema ujumbe utafika. Madam alipiga tena, ikawa haishikwi. Basi anaituma barua hii kwa basi la vifurushi leo hii, kwa nauli yake mwenyewe.

Aliniruhusu kumpigia Babu pia. Nilisema, "Babu, nimevunja." Nilisikia jogoo wetu, na Nyanya akiuliza ni nani. Kisha akakata simu.

Mwambie Masinde. Ng'oeni kiti. Tafadhali, kaka.

Aloo

*

Luanda Kotieno,
Jumamosi, 22 Machi 2025, saa tisa alasiri

Kaka Frankline,

Naandika ingawa sijui kama yuko wa kusoma.

Shule nzima ilitolewa uwanjani saa nne na nusu. Walimu walileta viti. Saa tano niliangalia upande wa Asembo. Saa tano na robo Laila alisema, "Ndege yako imepitia Kisumu kunywa chai." Saa tano na nusu feri ilipiga honi na wasichana wote wakapiga makofi. Saa sita tulirudishwa darasani.

Haikuja.

Wenzangu walikasirika kwa ajili ya jua la bure. Mimi nilimshukuru Mungu kwa mbingu tupu, kwa dakika moja tu. Kisha nikafikiri: haikuja kwa sababu mlinisikia, au haikuja kwa sababu iliruka na haikufika? Mbingu inafanana katika yote mawili. Tangu wakati huo nimekaa dirishani kwa Laila nikitazama ziwa mpaka macho yanauma. Laila ameacha utani. Ameniletea uji.

Redio ya Madam Rehma haijasema lolote. Amempigia Nyanya. Nyanya analia, anasema Babu alitoka nyumbani Jumatano amevaa koti lake la kazi la zamani, pamoja na Tom jirani yetu, hakusema anaenda wapi, na simu ya Tom haipatikani.

Sasa nawangoja wawili.

Aloo

*

Kambini,
Jumatatu, 24 Machi 2025

Aloo,

Niko hai. Babu yuko hai. Naanza na hayo kwa sababu asubuhi hii nimepata barua yako ya Jumamosi, Madam Rehma ameituma tena kwa basi. Nimempigia Nyanya pia, lakini nimerudishiwa simu leo tu. Mengine lazima niyaandike.

Alhamisi saa moja asubuhi Babu alifika langoni na Tom. Mlinzi akamwuliza, "Mzee, unamtafuta nani?" Babu akasema, "Natafuta bisibisi yangu." Mlinzi alimketisha kwenye benchi akidhani ni mzee aliyepotewa na akili, akamnunulia chai. Alikaa hapo kwa muda wa saa tatu. Masinde alipopita na baiskeli, Babu, aliyewahi kufanya naye kazi, alimjua kwa sauti, akasimama, akasema mbele ya watu wote, kwa sauti ile ya kutoa ripoti: "Sajini, tarehe tisa Agosti 1996 nilitia sahihi ya uongo. Zuia ndege."

Tuling'oa kiti cha nyuma. Ilichukua hadi saa kumi. Babu hakuweza kuona humo ndani, lakini alituelekeza kwa mkono hewani, kushoto, chini, nyuma ya fimbo. Odongo ndiye aliyeingiza mkono. Alipoutoa alikifungua kiganja mbele yetu.

Aloo, ilikuwa imo. Imelala kwenye ule ufa, mpini ukielekea fimbo ya usukani. Upande mmoja wa mpini umelika hadi unang'aa kama kijiko. Fimbo imekuwa ikiusugua miaka ishirini na tisa. Masinde alipima nafasi iliyobaki kabla bisibisi haijageuka na kuibana fimbo: unene wa ukucha. Kapteni Hassan aliketi sakafuni palepale na sare yake safi.

Babu aliomba aitundike mwenyewe. Alipapasa ubao, akakipata kivuli, akaondoa ile ya buluu, akaweka hiyo. Akauliza, "Vivuli?" Masinde alivua kofia yake.

Safari imefutwa. Nyar Kano hataruka tena. Wakubwa wamemhoji Babu siku mbili, wameandika kila kitu, na jana wamesema arudi nyumbani, watamwita wakimhitaji. Hakuna aliyemtukana. Nadhani hilo ndilo linalomuuma. Tom anamrudisha kesho.

Kuna jambo jingine, na wewe uliniandikia ukweli, kwa hiyo nakupa wangu. Barua yako ya tarehe kumi na tano ilinifikia Jumatano mchana. Niliisoma mara mbili nikiwa chooni. Nikaitia mfukoni. Nilifikiria jina la Babu, na kiti chake cha mstari wa mbele. Nilifikiria kiti changu. Jioni Masinde aliita, "Vivuli?" nami nikajibu na wenzangu, "Vimejaa." Nilikuwa nimeishika ile ya buluu mkononi dakika moja kabla.

Nimehamishiwa ndege nyingine. Ubao wake uko kamili, kwa hiyo lala usingizi.

Kaka yako,
Frankline

*

Luanda Kotieno,
Jumapili, 30 Machi 2025

Kaka Frankline,

Barua yako iko chini ya mto wangu. Usiku wa kwanza nililala kama mtoto. Usiku wa pili niliisoma tena kwa tochi ya Laila na sikulala.

Nimefuta "ilihudumu vizuri." Mwaka 1996 sasa una kurasa sita. Nilikwenda Otonglo jana kwa ruhusa ya Madam Rehma kumwomba Babu idhini, kwa sababu ni jina lake. Alikuwa ameketi nje na ile bisibisi ya buluu, waliyomrudishia. Nilimsomea kurasa zote sita. Alinisahihisha mahali pamoja tu: alitafuta saa moja na nusu, si saa mbili. Kisha ndege ya abiria ilipita ikielekea uwanja wa Kisumu. Nilimtazama. Hakuinuka. Aliomba chai.

Nyanya hajamsemesha kwa siku nne, si kwa ajili ya bisibisi, kwa ajili ya kuondoka bila kuaga. Lakini alimletea chai, na alitia sukari.

Alhamisi nitaisoma historia yangu mbele ya darasa. Ninaogopa, lakini nafikiri nitaisoma hadi mwisho. Wakiuliza tena Nyar Kano alipigana na nani, sasa nina jibu: na bisibisi moja, miaka ishirini na tisa; na safari hii nitalitoa kabla ya kengele.

Umebaki ukurasa mmoja ambao siwezi kuuandika, kaka, kwa sababu ni wako. Siku hizi nawaona ninyi wawili mmesimama mbele ya ubao mmoja, wewe na Babu, bisibisi moja mkononi, jibu moja mdomoni. Sikuhukumu. Mimi pia nilinyamaza karibu wiki mbili kwa ajili ya kiapo. Lakini sasa unasimama kila jioni mbele ya ubao mwingine, na mimi niko huku nikitazama upande wa Asembo kila nikisikia ngurumo.

Nilikuahidi kila kitu na nimekupa. Basi nijibu kwa barua ya kurudi, usipunguze wala usiongeze: kama Babu asingefika langoni ile Alhamisi, ungeitoa barua yangu mfukoni?

Dada yako,
Aloo